Kifaa kitateleza: namna ya kubadili mkanda wa saa bila kukwaruza kasha

Msomaji ameniandikia hivi, nami nimefupisha kidogo:

"Shikamoo fundi. Marehemu baba aliniachia saa ya chuma yenye mkanda wa cheni. Nataka niivalishe mkanda wa ngozi ila naogopa kuigusa. Mwaka jana nilibadili mkanda wa saa yangu nyingine kwa ncha ya kisu, kikaniponyoka na kuchora mstari kwenye ile pembe inayoshika mkanda. Nitumie kifaa gani? Ile tepu wanayobandika watu inasaidia kweli? Na mstari ule unafutika?"

Marahaba. Pole sana kwa kuondokewa na mzee. Woga wako nauelewa, na ningependa ubaki nao kidogo, maana saa ya urithi haina mwenzake dukani. Kazi yenyewe unaiweza. Mkanda wa kawaida hutoka na mwingine kuingia kwa dakika kumi tu, nyumbani, mezani, ilimradi dakika ishirini kabla ya hapo umezitumia kujiandaa.

Jambo la kwanza ni hili: kifaa kitateleza. Nimebadili mikanda kwa miaka mingi na bado huniteleza. Pini ya mkanda ina springi inayosukuma nje muda wote, na mahali pa kuishikia ni padogo kuliko punje ya mchele. Anayejiambia kwamba leo hakitateleza hufanya kazi kana kwamba hakuna hatari, na huyo ndiye anayeumia. Kwa hiyo kabla hujagusa kitu jiulize: kikiniponyoka kitaelekea wapi? Na kitakwenda umbali gani kabla hakijasimama? Karibu yote nitakayokueleza yanatokana na maswali hayo mawili.

Kisu chako kilishindwa kotekote. Ncha yake ni moja na ni kali, haina cha kushikia pini. Nawe bila shaka ulikishika mpini, kwa hiyo kati ya vidole vyako na saa palikuwa na urefu wote wa bapa. Kilipoachia pini kilikuwa na nafasi ya kukimbia sentimita tatu au nne, na njia yake yote ilikuwa juu ya chuma.

Geuza saa utazame mgongo wake. Pembe mbili za juu na mbili za chini zinazoshika mkanda tuziite masikio. Kati ya kila jozi ya masikio kuna pini: kibomba chembamba chenye springi ndani, na ncha mbili zinazoingia kwenye vitundu vilivyochimbwa upande wa ndani wa masikio. Karibu na kila ncha pini ina bega, yaani kiduara kilichoinuka. Uma wa kifaa, yaani meno mawili yaliyo kwenye ncha yake, hukamata bega hilo, unalisukuma kuelekea katikati ya pini, ncha inazama ndani ya kibomba, na mkanda unaachia. Hakuna siri nyingine. Kazi nzima ni kulisogeza bega kwa milimita moja hivi bila kugusa kitu kingine.

Sasa vumbi, ambalo watu hulisahau. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, ambacho mtaalamu wa madini Friedrich Mohs alikitunga mwaka 1812, mchanga wa kawaida, yaani kwatzi, uko kwenye 7. Kioo cha yakuti cha saa za kisasa kiko kwenye 9. Chuma cha kasha, yaani mwili wa saa, hakifiki 7, na dhahabu haifiki hata 4. Maana yake punje moja ya mchanga iliyolala juu ya kitambaa chako inaweza kupita juu ya kioo cha yakuti bila kukidhuru, kisha ikachora kasha pembeni yake. Mikwaruzo mingi niliyoletewa na watu wakisema "fundi wa mwanzo aliharibu" ilikuwa ya namna hii. Si mistari ya uma hata kidogo. Ni vijistari vingi vyepesi vya saa iliyolazwa na kusukumwasukumwa juu ya meza chafu.

Basi anza kwa kuiosha. Kama una hakika saa haiingizi maji, tumia maji ya vuguvugu, tone la sabuni na mswaki laini sana, hasa pale mkanda unapokutana na kasha. Saa ya mzee ina umri, na mipira ya kuzuia maji huchoka, kwa hiyo hiyo usiizamishe. Ilowanishie mswaki kidogo, piga kwenye pengo la masikio, futa, rudia. Kijiti cha kuchokolea meno hutoa uchafu ulioganda bila kuumiza chuma. Utashangaa kinachotoka: jasho, ngozi iliyokufa na vumbi la miaka vikishikana kama udongo. Ukiondoa cheni huku tope hilo limo ndani, unaisugua saa kwa msasa.

Tandika kitambaa kizito kilichotoka kufuliwa, na juu yake kile kidogo laini cha kufutia miwani. Weka taa pembeni, si juu ya kichwa, ili pini itoe kivuli na bega lake lionekane. Kama unahitaji miwani ya kusomea, ivae. Vua pete na bangili. Hili nalisema kwa uzito uleule, kwani pete yako inaweza kuwa ngumu kama kasha, au kulizidi, na inakaa sentimita mbili kutoka kwake.

Tepu inasaidia, ila ujue inazuia nini. Inazuia mguso wa pembeni, ule wa uma kupapasa sikio unapotafuta bega. Haizuii nguvu. Uma ukiruka kwa kishindo utapenya tepu ya karatasi kama haipo. Nimeona watu wakibandika tabaka tatu, wakapata ujasiri, wakasukuma kwa nguvu ambayo bila tepu wasingethubutu. Tumia ile tepu ya karatasi ya wapaka rangi kufunika juu na pande za nje za masikio, maana hainati sana na hutoka safi. Upande wa ndani wa sikio unahitaji tepu nyembamba zaidi, kama ile ya rangi ya kaharabu wanayotumia mafundi wa simu, kwa sababu nafasi ni finyu na tepu nene huibana pini ikakataa kutoka. Ikate kipande kidogo, ikunje kwenye ukingo wa sikio ili ukingo wenyewe ufunikwe. Hapo ndipo pa kuumia kwanza. Saa iliyopakwa dhahabu ambayo rangi imeanza kubanduka usiibandike chochote, kwani tepu itaondoka na dhahabu.

Kifaa chenyewe ni kama kalamu fupi ya chuma. Upande mmoja una uma wenye meno mawili, upande wa pili kijisumari butu. Bergeon ya Uswisi hutengeneza kinachojulikana sana, namba 6767, chenye uma mwembamba (F) au wa kawaida (S). Kwa saa yenye cheni chagua mwembamba. Cha bei ndogo nacho kinafaa, ila kipitishe kwanza kwenye ukucha wako: ukihisi kinakwangua, kingo za nje za uma zina makali yaliyobaki kiwandani, na makali hayo ndiyo yatakayokwangua sikio. Yasugue kwa msasa laini sana, namba 1000 au zaidi, mpaka yapite juu ya ukucha kimya. Dakika mbili tu, na kifaa cha kawaida kinakuwa kifaa cha fundi.

Kishike karibu na ncha. Acha nje sentimita moja tu, kidole cha shahada kikiwa juu ya chuma chenyewe, na kidole kidogo kikiegemea kitambaa kama unavyoegemeza mkono unapoandika. Hapo kikiteleza kitakwenda milimita mbili na kukwama kwenye kidole chako. Hili ni jibu la swali la umbali. Na mwelekeo: saa ikiwa kifudifudi, uinamishe mpini kidogo kuelekea mgongo wa saa, ili ncha itazame nje, upande wa mkanda. Kikiruka, uumie mkanda. Mkanda hununuliwa mwingine.

Kosa moja linaharibu masikio kuliko yote, nalo hulifanya hata watu wenye kifaa kizuri. Wanaingiza uma, wanaona pini ni ngumu, kisha wanalifanya sikio kuwa egemeo la wenzo na kuubetua uma kama wanafungua kopo. Pini inatoka kweli, na ukingo wa ndani wa sikio unabaki na kidonda. Uma usiegemee popote. Msukumo uende sambamba na pini, kutoka sikio moja kuelekea la pili. Ikigoma, acha. Aghalabu ni chumvi ya jasho imeganda. Tia tone dogo la mafuta ya kulegezea kutu kwa ncha ya kijiti kwenye kitundu, liache usiku kucha, ufute vizuri asubuhi, ujaribu tena.

Tuje kwenye cheni yako. Tazama kwanza upande wa nje wa masikio. Ukiona vitundu vimetoboka mpaka nje, shukuru: unasukuma ncha ya pini kwa kile kijisumari kutoka nje, bila kuingiza uma popote. Kama hakuna vitundu, utafanya kazi kwa nyuma.

Kabla ya hapo, itenganishe cheni kwenye kifungo chake kama inatenganika, au ikunje na kuifunga kwa kitambaa isiningʼinie. Nilipokuwa mwanafunzi nilitoa upande mmoja wa cheni ya mteja vizuri kabisa, bila alama. Nikainua saa kuionyesha kwa mwalimu wangu. Nusu nyingine, bado imeshikwa upande wa pili, ikabembea na kifungo chake kizito kikagonga ubavu wa kasha uliongʼaa kama kioo. Mlio wake mdogo nausikia hadi leo. Mwalimu hakunigombeza, alichukua kitambaa, akaifunga cheni kama anavyofungwa mtoto mgongoni, akanirudishia. Tangu hapo sijawahi kutoa pini huku cheni iko huru.

Kipande cha mwisho cha cheni, kile kilichopinda kufuata umbo la kasha, kwa nyuma kina nafasi mbili ndogo zinazoonyesha mabega ya pini. Ingiza uma kwenye nafasi ya kushoto, lisukume bega kuelekea katikati, na papo hapo kwa kidole gumba cha mkono mwingine kiinue kipande hicho kidogo kuelekea kwako. Nusu milimita inatosha. Sasa ncha ile imepita kitundu, haiwezi kurudi. Hamia kulia, fanya vilevile. Kipande kitainuka chote kwa pamoja.

Hapa ndipo pa kuwa na subira. Upande mmoja ukishaachia, mkono hutamani kuivuta cheni kwa mshazari ili upande wa pili ujitokee wenyewe. Utajitokea, ila kona ya kipande kile cha chuma itachimba ndani ya sikio, na ncha ya pini iliyo wazi itachora upinde kwenye chuma. Ukinunua saa iliyotumika, angalia ndani ya masikio. Ukiona mistari iliyopinda kama kucha, ujue mwenye nayo aliivuta hivyo. Itoe moja kwa moja, bila kuizungusha. Na kwa kuwa pini hupenda kuruka, fanya hatua hii ndani ya mfuko wa plastiki angavu, mikono ikiwa imo ndani. Utaona kila kitu, na pini ikiruka itabaki humo badala ya kwenda jichoni au chini ya kabati.

Mkanda wa ngozi uwe wa upana sahihi. Pima nafasi kati ya masikio kwa rula, au kwa kalipa (kipimio chenye taya mbili) ya plastiki, kwani ya chuma itakwaruza palepale unapopima. Saa nyingi ni milimita 18, 20 au 22, na zipo za 19 na 21. Mtu akiwa na ya 19 hushawishika kununua mkanda wa 20 na kuusukumiza uingie. Unaingia, ngozi inajikunja, lakini bega la pini linafunikwa na uma haulipati. Hapo ndipo watu huanza kuchokoa, na kuchokoa ndiko kunakokwaruza.

Pini nazo zitazame. Za mikanda ya ngozi kwa kawaida huwa na unene wa milimita 1.5, za cheni 1.8, na baadhi ya saa za kuzamia za Seiko hutumia nene za 2.5 ambazo ngozi ya kawaida haizipokei. Zaidi ya unene wa mwili, ncha ijae vizuri kwenye kitundu cha sikio. Ncha nyembamba kwenye kitundu kipana hucheza, na kadiri inavyocheza inakila kitundu. Weka pini mpya kila unapobadili mkanda. Iliyopinda au yenye springi iliyochoka itupe bila huruma, kwa sababu siku itakapoachia saa ikiwa mkononi, mkwaruzo utakuwa jambo dogo kuliko yote yatakayoipata saa ya mzee.

Kuvalisha ndiko kunakochora zaidi kuliko kuvua. Pitisha pini kwenye tundu la mkanda. Ncha ya kwanza iingize kwenye kitundu cha sikio la mbali, uihisi imekaa. Ncha ya pili iko nje, inagusa sikio la karibu. Wengi huibonyeza nusu tu na kuiburuta juu ya chuma mpaka ijiangukie kitunduni. Ule mburuto ndio mstari. Ibane kwa uma mpaka ncha izame yote, ishushe ikiwa imebanwa hivyohivyo, na uachie pale tu unapoona imefika usawa wa kitundu. Ingia daima kutoka upande wa mgongo, usiingie kutoka upande wa kioo. Vitundu viko karibu zaidi na mgongo, kwa hiyo safari ni fupi, na ikitokea alama itakuwa mahali ambapo hata wewe hutaiona isipokuwa ukiwa na lenzi.

Utasikia mlio mdogo, tik. Usiuamini peke yake. Pini inaweza kukaa kwenye ukingo wa kitundu na kutoa mlio uleule. Angalia nafasi kati ya mkanda na masikio kama ziko sawa pande zote, kisha shika saa juu ya kitambaa na uvute mkanda kwa nguvu kuliko utakavyouvuta ukiuvaa. Uvute wima, halafu kwa mshazari kila upande. Kama kuna ncha iliyolala ukingoni, itaachia hapo mezani.

Ikiwa baadaye utanunua mkanda wenye kile kijiti kidogo cha kutelezesha kwa ukucha, huo hauhitaji uma, ila kanuni ya kuzamisha ncha kabla ya kuingiza ni ileile. Saa zenye skrubu badala ya pini ziache kwa fundi, isipokuwa una bisibisi inayojaa mfereji wa skrubu kikamilifu. Isiyojaa hupanda juu na kutembea kwenye kasha.

Na kuna njia ya tatu ambayo naipenda kwa saa kama yako. Mikanda ya nailoni ya kipande kimoja hupita chini ya saa na juu ya pini, kwa hiyo cheni ikishatoka na pini zikarudi mahali pake huna haja ya kuzitoa tena. Unavuta mkanda mmoja na kupitisha mwingine. Wizara ya Ulinzi ya Uingereza iliutolea kiwango chake mwaka 1973, kwa ajili ya askari, na faida yake kubwa ni kwamba pini moja ikikatika saa inabaki mkononi, imeshikwa na ya pili. Baadhi ya mafundi hushona na ngozi kwa mtindo huohuo.

Mstari wa mwaka jana. Pitisha ukucha juu yake kwa upole. Ukucha usipokwama, na sikio hilo limengʼarishwa kama kioo, kitambaa chenye dawa ya kungʼarishia chuma kitaupunguza sana kwa kusugua kidogokidogo. Kama sikio lina mistari myembamba ya kiwandani, funika kwa tepu sehemu zinazongʼaa, kisha pitisha sponji kavu ya kusugulia, ile ngumu ya kijani, kufuata mistari hiyo, upande mmoja tu, bila kurudi nyuma. Ukucha ukikwama, mkwaruzo ni wa kina na dawa yake ni gurudumu la fundi, ambalo hufuta kwa kula chuma kote kuuzunguka mpaka usawa wa chini kabisa. Kingo za masikio hupoteza ukali wake na haurudi. Kasha jeusi au lililopakwa dhahabu usilisugue kabisa.

Saa ya baba yako ingekuwa yangu, nisingeipeleka kungʼarishwa. Mikwaruzo iliyomo aliiweka yeye.

Cheni ukishaitoa, ioshe, ikaushe, itie kwenye kifuko pamoja na pini zake mbili za asili, uandike juu yake upana wa masikio kwa milimita. Siku utakapotaka kuirudisha, pini hizo ndizo zitakazokaa sawasawa kwenye vipande vyake vya mwisho.